Usisubiri timu irudi kutoka fildi ndio ufungue data

Juzi kijana mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Shikamoo kaka, nimepewa usimamizi kwa mara ya kwanza, wadadisi watano, jumatatu tunaingia Makete. Nianze na nini? Na nikigundua mtu anapika data nifanyeje, maana mmoja wao ni mtu wa bosi." Wadadisi ni wale wanaopita kaya kwa kaya kuhoji watu kwa ajili ya utafiti, na kupika data ni kujaza majibu bila kumhoji mtu. Nilimjibu mistari miwili tu kwa sababu nilikuwa kwenye daladala, ila usiku nikajikuta nawaza, maana hilo swali mimi kipindi changu sikuwa na wa kumuuliza na lilinigharimu sana. Naandika kwa ajili yake na kwa nyie wengine mnaotaka kupanda kwenye hii kazi, mtoke kwenye udadisi mpaka siku moja muitwe mameneja wa data, najua mpo wengi.

Jibu langu ni moja. Angalia data siku hiyo hiyo inapokusanywa. Sio wiki ijayo, sio mkirudi ofisini.

Sasa niwaambie nimelijuaje. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa msimamizi kwenye utafiti mmoja wa kilimo, ofisi siitaji, timu yangu ikapangiwa Umalila, kwetu Mbeya, kule juu ukipita Mbalizi unaelekea Santilya na Ilembo. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ya kule mnaijua, gari linakwama asubuhi linatoka jioni, ukungu hadi saa nne, mtandao unashika kilimani sehemu moja tu. Basi tukakubaliana data tutasinki, yaani kuzituma ofisini kwa mtandao, tukishuka Mbalizi. Tulishuka baada ya siku kumi na saba! Na mimi muda wote huo nilikuwa nahesabu madodoso tu, leo ishirini, leo ishirini na mbili, nafurahi. Kulikuwa na kijana mmoja ana kasi ya ajabu, wenzake wanamaliza kaya tatu yeye sita, na mimi nikamsifia mbele ya wenzake, nikawaambia igeni mfano.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu. Kaya kumi na nne za yule kijana, zilizotakiwa kuwa zimesambaa kijiji kizima, GPS yake, yaani alama ya mahali kifaa kilipokuwa, inaonyesha sehemu moja, gesti. Mahojiano ambayo wenzake walitumia dakika hamsini yeye dakika tisa. Kila kitu kilikuwa ndani ya kishikwambi toka siku ya kwanza, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali alipokaa, na mimi sikuwahi kufungua. Kwenye kikao bosi akasimama akasema "watu wa Mbeya mnapika vyote, chakula na data". Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nimesamehe, ila sijasahau, na posho ya mwisho ya timu nzima ilizuiwa hadi kaya zile zirudiwe, wale wanne waliofanya kazi kwa haki nao wakaumia kwa ajili yangu.

Nilirudi kuzihoji mwenyewe. Kaya ya kwanza kulikuwa na mama mtu mzima, nikamsalimia, nikajieleza, akanitazama akasema "mwanangu, mwenyekiti alitutangazia mtakuja, nikakaa nyumbani siku mbili sikwenda shamba, hakuna mtu aliyefika". Siku mbili, msimu wa palizi. Na wakati huo kwenye mfumo huyo mama alikuwa ameshahojiwa, ana watoto wawili na mbuzi wanne. Mama hakuwa na mbuzi hata mmoja.

Kwake pia nikajifunza lingine. Nikamuuliza msimu uliopita ulivuna viazi kiasi gani, akasema gunia saba. Dodoso lilikuwa linahesabu gunia moja kilo mia, unaandika saba unapita. Ila pale ukutani kulikuwa na gunia limejaa limeshonewa kilemba juu, lumbesa yenyewe, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, nikamuomba tupime. Akaleta plastiki lake, ndoo ya kupimia viazi, nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayenunua pareto, plastiki moja la kujaza kichuguu likasoma kilo 17, na gunia lao linameza plastiki nane. Hiyo ni kilo 136. Kwa hiyo saba zake ni kilo 952, sisi tungeandika 700, kilo 252 zimepotea kwenye kaya moja na hakuna aliyedanganya. Zidisha kwa Umalila nzima halafu mtu akae ofisini aandike ripoti ya uzalishaji wa viazi. Tangu siku hiyo siingii kijiji chochote bila mizani, na siku ya kwanza kabla ya dodoso lolote napima gunia, debe, plastiki na kisado vya pale pale. Mkoa mmoja, wilaya mbili, gunia halifanani.

Kuna ule mwongozo wa kimataifa wa hatua za kuzalisha takwimu, uliotoka kwa UNECE, tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, una hatua nane: kutambua mahitaji, kusanifu, kujenga zana, kukusanya, kuchakata, kuchambua, kusambaza, kutathmini. Watu wanauchora kama ngazi, yaani ukusanye mpaka umalize ndio uanze kuchakata. Mwongozo wenyewe hausemi hivyo, unasema kabisa hatua sio lazima zifuatane, unaweza kurudi nyuma na nyingine zikaenda pamoja. Hapo ndipo wengi mnapokosea. Uchakataji unaanza jioni ya siku ya kwanza mkiwa bado mna matope kwenye viatu.

Na jioni unaangalia nini? Muda wa mahojiano na GPS, hivyo nimeshasema. Halafu angalia majibu ya "hapana", maana mdadisi mvivu anajifunza haraka kwamba ukijibu ndiyo dodoso linafungua maswali kumi mengine. Angalia umri. Kwenye tafiti zinazohoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, ukiona wasichana wa 14 wamejaa na wa 15 hawapo, au kina mama wa 50 ni wengi kuliko wa 49, ujue kuna mtu anakwepa dodoso refu. Na uangalie data siku hiyo hiyo, narudia, maana kesho bado mko kijijini mnaweza kurudi kwa miguu, wiki ijayo ni gari, mafuta na barua.

Nasikia watu wanasema siku hizi vishikwambi vimemaliza tatizo. Hapana. Sensa ya 2022 ndiyo ya kwanza kwetu kutumia vishikwambi, tukapata watu 61,741,120, na mkoa wetu wa Mbeya 2,343,754. Kifaa kilisaidia, ila kila mmoja kwenye hiyo namba kuna mtu aligonga mlango wa kaya yake. Kifaa hakigongi mlango. Ndugu zangu, kule mnapopita kuna zahanati, kuna madarasa, kuna pembejeo zinapangwa kwa kuangalia hizo namba, ukipika kaya moja umemnyima mtu usiyemjua. Ogopeni hilo kuliko mnavyoogopa bosi.

Mwezi uliopita tumefunga utafiti Rungwe na Busokelo, timu sita, hakuna kaya hata moja iliyorudishwa na ofisi. Wapo waliorudia, lakini tuliwarudisha sisi wenyewe jioni ile ile. Naona fahari kusema, maana najua nilipotoka.

Sasa mdogo wangu wa Mafinga, kuhusu huyo mtu wa bosi. Usigombane naye na usimsemee pembeni kwa wenzake. Jumatatu mkifika muulize mtendaji wa kijiji mtandao unashika wapi, na kila jioni timu nzima ipande hapo kusinki, yeye akiwemo. Ukiona GPS haieleweki, kesho asubuhi rudi kaya mbili kati ya alizofanya, uliza maswali matano tu yasiyobadilika kwa siku moja, kama watu wangapi wanaishi hapa, bati au nyasi, mashamba mangapi. Majibu yakipishana andika tarehe, namba ya kaya, alichoandika yeye na ulichokuta wewe, tuma ofisini usiku huo huo kwa maandishi, sio kwa simu. Na beba koti zito, Makete mwezi huu sio mchezo.