Kesi Iliyoondolewa Inaporudi

Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha hapa Kenya, swali hili hunifikia kila mara: kesi ikishaondolewa mahakamani, yaweza kurudi? Leo nachukua maswali matatu yanayofanana.

Nilikamatwa kwenye maandamano mjini. Kesi ikaondolewa mahakamani. Juzi nimepigiwa simu na polisi, eti nashtakiwa upya. Yawezekana? – Kijana, Likoni

Yawezekana, ndugu yangu. Kiongozi wa mashtaka akiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kabla hujatakiwa kujitetea, hakimu hukuachilia lakini hajakusafisha. Waweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Wengi husikia "nenda nyumbani" tu, wakatoka wakipiga vigelegele hadi Treasury Square mjini Mombasa. Kama ulikuwa umeshatakiwa kujitetea, hiyo ni 87(b), nawe umeachiliwa huru na kusafishwa kabisa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakulinda usishtakiwe tena kwa kosa hilo. Nenda masjala ya mahakama, omba nakala ya mwenendo wa kesi, utazame herufi iliyoandikwa baada ya 87. Kituoni usiende peke yako, nenda na wakili. Una haki ya kunyamaza, na wakikuzuia, wana saa 24 kukufikisha mahakamani.

Kesi ya mwanangu iliondolewa mashahidi walipokosa kuja, na sasa imerudi na mashahidi wale wale. Watamchezea hivi hadi lini? – Mama, Kisauni

Pole, mama. Kifungu cha 157 cha Katiba kinasema Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kusitisha kesi bila ruhusa ya mahakama, na kinamtaka azuie matumizi mabaya ya sheria. Kwa hiyo siku ile ya kuondoa, wakili alikuwa na nafasi ya kusimama na kupinga. Mimi naona ruhusa hiyo hutolewa kwa wepesi mno, kama vile ni kuahirisha kesi. Lakini hamjachelewa: wakili aende Mahakama Kuu kuomba kesi mpya isimamishwe. Abebe tarehe zote ambazo mashahidi walikosa kufika. Tarehe hizo ndizo zitakazosema.

Na pesa za dhamana nilizolipa? – Msomaji, Changamwe

Kesi ikiondolewa ni zako, omba urudishiwe. Dhamana ya kesi mpya huamuliwa upya. Risiti umeiweka wapi?