Pancha usiku: usisimame ilipokukuta, na familia isibaki ndani ya gari

Mleta uzi, nimesoma ulichoandika nikashindwa kupita kimya. Ijumaa usiku unatoka Dar kwenda Mbeya na Toyota IST, mama watoto pembeni, watoto nyuma. Fundi wako kakwambia tairi ikiisha upepo usimame hapohapo usije ukaua rimu, familia ibaki ndani isipigwe baridi, uweke gia ya kuegesha, ile P, upige jeki, muendelee na safari. Na wachangiaji wote hapo juu wanakubali, wanabishana tu kuhusu pampu ipi ununue. Hizo habari za pampu ziwekeni kando kwanza. Huyo fundi anakuelekeza kwenye msiba.

Nasema hivyo kwa sababu na sisi tulilishwa maneno hayohayo. Fundi wetu, mtu aliyetengeneza magari ya ukoo mzima na kuheshimiwa kama mganga, wimbo wake ulikuwa mmoja: ukikanyagia rimu hata hatua mbili, hesabu imekufa. Kwa hiyo tulipopata pancha tunapanda Kitonga, ule mlima wenye kona kali wa Iringa, jua linazama, tulisimama palepale. Kwenye kona. Kwenye mlima. Tairi la nyuma kulia, yaani upande wa malori. Mita chache mbele palikuwa na sehemu pana iliyonyooka ambapo malori hupumzika, tuliiona kabisa kwa macho, lakini tuliihurumia rimu.

Noah yetu ilikuwa ile ya zamani inayosukumwa na tairi za nyuma. Tukaweka P, tukavuta handibreki ambayo waya wake ulikuwa umelegea siku nyingi, na hatukuweka jiwe hata moja. Mama alikuwa ndani na mtoto wa dada amelala mapajani. Mdogo wangu akachuchumaa, mgongo umeelekea barabarani. Nati zikatoka vizuri. Rimu ikagoma, kutu ilikuwa imeigandisha kwenye habu, kile kitovu inapofungwa. Akaipiga teke la kisigino, haikutikisika. Akapiga la pili kwa nguvu zaidi. Hapo jeki ikalala ubavu, gari likarudi nyuma kidogo, tairi likachomoka na habu likashuka juu ya mguu wake.

Utingo wa lori lililokuwa likipanda nyuma yetu ndiye aliyetuokoa wengine. Aliruka, akakimbilia juu ya kona akipunga shati kuyazuia malori yanayoshuka. Mnajua lori linavyoshuka Kitonga: gia nzito, breki zinanuka, dereva hawezi kusimama ghafla hata akitaka. Wanaume wakalinyanyua gari kwa mikono. Mdogo wangu alikatwa vidole vya mguu na hadi leo anachechemea. Rimu yenyewe tungeweza kuipata Ilala ya mtumba siku yoyote tuliyotaka.

Sasa hebu niwaeleze kwa nini P haikutusaidia, maana hapa kuna watu wanaiamini kama kufuli. P haifungi tairi moja moja. Inafunga mfumo unaopeleka nguvu kwenye jozi ya tairi zinazosukuma gari, na katikati ya jozi hiyo kuna difu, ile gia inayoziruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukinyanyua tairi moja ya jozi hiyo, ile ya hewani inakuwa huru kuzunguka upande mmoja, na mwenzake aliye chini anapata uhuru wa kuzunguka upande wa pili. P inakuwa pambo. Kwenye IST yako ya kawaida nguvu iko mbele, kwa hiyo ukinyanyua tairi la mbele kinachobaki kushika gari ni handibreki ya nyuma peke yake. Kwetu ilikuwa nyuma, na handibreki nayo ilibaki na tairi moja tu chini, tena ikiwa imelegea. Fundi aliyefungua magari maisha yake yote analijua hili. Basi kwa nini asimwambie mteja? Anakuuzia uoga wa rimu, halafu kuhusu mguu wa mtu ananyamaza. Mimi hilo sijamsamehe.

Kanuni yangu ni hii, na nakuomba uibebe kuliko pampu: mahali pa kusimama unapachagua wewe, si tairi. Likipasuka, shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta, breki usiikanyage kwa nguvu, gari lipunguze mwendo lenyewe. Kisha washa indiketa zote mbili na uende polepole kama mtu anayetembea kwa haraka, hata kama linagonga gudugudu, mpaka upate pahali pana, tambarare na pagumu, palipo mbali na kona na mbali na kilele cha mlima. Tairi litachanika, ndiyo. Kwa mwendo huo rimu mara nyingi hupona kwa sababu mabaki ya tairi yanaikinga. Isipopona, nunua nyingine.

Usiku kanuni hiyo inapanuka zaidi. Kama kuna sheli, mizani, kizuizi cha polisi au senta yenye taa hapo mbele, jikongoje ufike. Aliyeandika kwamba kwenda polepole kunakaribisha wezi, kaka, na kusimama gizani na vyombo vyote vimemwagwa nje kunakaribisha nini? Kwenye IST spea iko chini ya sakafu ya buti, kwa hiyo lazima ushushe mabegi yote kwanza. Lipange buti lako ukijua hilo. Na ndani ya Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50, usishuke gizani kufungua nati. Pale kuna tembo na simba, siyo hadithi. Sogea taratibu, omba msaada kwa simu au kwa gari linalopita.

Familia. Hapa ndipo nilipokasirika kuliko pote. Watoto hawabaki ndani. Wanashukia mlango wa kushoto, upande wa majani, wanavishwa masweta na kukaa mbali na lami, nyuma kidogo ya gari, na mtu mzima amewashika mikono. Wasikae mbele ya gari, kwa sababu likigongwa kwa nyuma huko ndiko linakosukumwa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linamaliza mita 22 kila sekunde. Dereva aliyesinzia au aliyepigwa taa za mwenzake machoni anazitumia sekunde mbili kujua tu kwamba ulichosimamisha ni gari. Unataka mwanao awe ndani wakati huo, eti kwa sababu ya baridi ya Iringa? Mablanketi yapo.

Ile pembetatu ya kuakisi iende mbali. Watu wanaiegemeza kwenye bampa kama urembo. Tembea hatua mia moja nyuma, ukiwa pembeni ya barabara, na kama kuna kona iweke kabla ya kona. Ukiweza ongeza matawi ya majani, madereva wote wa njia hiyo wanaelewa maana yake.

Kabla ya jeki kugusa gari, mawe mawili yakaze tairi la pembe ya pili, moja mbele na moja nyuma. Ukibadilisha la mbele kulia, unakaza la nyuma kushoto. Na mkimaliza yaondoeni, pamoja na matawi. Barabara yetu imejaa mawe ya watu waliokwisha kufika makwao, na anayeyakuta ni mwenye pikipiki saa nane za usiku.

Nati unazilegeza kidogo tairi likiwa bado chini, si hewani. Beba kipande cha ubao kipana kuliko kitako cha jeki, maana udongo wa pembeni ukilowa jeki inazama. Iweke penye ile mikato miwili chini ya ukingo wa mlango, siyo popote panapoonekana chuma. Gari likinyanyuka, tairi bovu au spea ilale chini ya ubavu karibu na jeki, ili gari likianguka liangukie tairi. Rimu ikiganda, usipige teke. Rudisha nati kwa vidole bila kuzikaza, shusha gari, lisogeze mbele na nyuma kidogo kwa uzito wake lenyewe mpaka usikie limeachia, kisha kaza mawe upya na unyanyue tena. Laiti mtu angetuambia hilo jioni ile badala ya nyimbo za rimu! Kukaza nati ni kwa kuruka, hii kisha ya mkabala wake, na baada ya kilomita chache simama pazuri uzijaribu tena.

Kuhusu tairi za mtumba, sina la kukuambia zaidi ya kusoma namba nne za mwisho ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Huo ni uzee, hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado ni ndefu.

Spea yako nayo kaikague Alhamisi, usisubiri Ijumaa jioni. IST nyingi zimekuja na ile nyembamba kutoka Japani, inayotakiwa upepo wa 60 psi na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Wengi wanaikuta imelala kama chapati kwa sababu tangu gari lishuke bandarini hakuna aliyeijaza. Ijaze, jaribu kama wili spana inaingia kwenye nati zako, vuta handibreki kwenye mlima wowote hapo mtaani uone kama inashika. Isiposhika, safari iahirishe hadi ikazwe, na umpelekee fundi mwingine.