Volti kwa Amri ya Kompyuta: Maswali Yenu

Shikamoo fundi. LM317 yangu (chipu ya kudhibiti volti) nairekebisha kwa kitasa cha kuzungusha. Nataka kompyuta ndiyo ibadilishe volti. Nianzie wapi? (Mbagala)

Marahaba mwanangu. Shika kwanza tabia ya LM317: mguu wa kutolea hukaa volti 1.25 juu ya mguu wa kurekebishia. Ukiupandisha huu, ule unafuata. Basi toa kitasa, weka opampu ya LM358 (chipu ya kukuza volti) inayokuza mara tatu, kwa rizista za kiloomu 20 na 10, iulishe mguu wa kurekebishia. Arduino Uno (ubao mdogo unaopokea amri za kompyuta) ikituma volti 0 hadi 5, utapata kuanzia 1.25 hadi kama 16. Umeme wa kuingizia, tafuta chaja kuukuu ya leptopu ya volti 19. Nasisitiza chaja, maana sitaki uanze kujifunzia kwenye 230 za ukutani. Na hasi zote ziungane.

Natumia PWM ya Arduino, lakini redio ninayoilisha inaunguruma. (Tabata)

PWM ni kuwasha na kuzima, mara 490 hivi kwa sekunde. Kiloomu 10 na kapasita ya maikrofaradi 10 zitaichuja, ila volti itachukua kama nusu sekunde kutulia, na ngazi zake ni 256 tu. Kila ngazi inaruka karibu volti 0.06 kwenye tokeo, yaani mguu wa kutolea. Kwa redio mimi ningeiacha kabisa, nikanunua MCP4725, chipu inayogeuza namba kuwa volti. Ina ngazi 4096, inapokea amri kwa nyaya mbili, tena ina kumbukumbu. Hifadhi sifuri humo. Umeme wetu ukikatika na kurudi, hutaki saketi iamke na volti 12 wakati umeunganisha kifaa cha volti 5.

Naagiza volti 3, mita inasoma 9. Nikiweka mzigo (kifaa kinachotumia umeme) inashuka sawasawa. (Kigamboni)

Bila shaka uliitoa ile rizista ya omu 240 iliyokuwa kati ya mguu wa kutolea na wa kurekebishia. LM317 haitulii bila mkondo kidogo kupita, kwa kawaida miliampea 3.5. Weka omu 470 ya wati 1 kati ya tokeo na hasi.

LM317 yangu inachemka mpaka inajizima. (Sinza)

Inajilinda. Ukiingiza 19 na kutoa 5 kwa ampea 1, zile volti 14 zinazobaki ni wati 14 za joto, na joto la Dar unalijua. Funga bati kubwa la kupozea, lakini tenganisha kwa maika (kipande kisichopitisha umeme), kwani mgongo wa chuma umeungana na tokeo. Kama kazi yako ni volti 5 tu, chaja ya volti 9 itapunguza joto hadi wati 4.

Kompyuta itajuaje volti iliyotoka kweli? (Ubungo)

Iisome. Mguu wa Arduino hauvumilii zaidi ya volti 5, hivyo gawanya tokeo kwa kiloomu 30 na 10. 20 inakuwa 5. Programu ilinganishe na ulichoagiza, ikizidi ishushe mara moja. Jaribu na balbu ya pikipiki kwanza, kabla hujaunganisha simu ya mteja.