Kivumbasi, mchaichai na mbu: maswali yenu

Shikamoo. Nimepanda kivumbasi dirishani, mbona mbu bado wanaingia? (Tanga)

Marahaba. Mmea uliotulia kwenye kopo hauwazuii vya kutosha. Harufu wanayoikimbia imo kwenye mafuta ya majani, nayo haitoki vya kutosha mpaka uyafikiche au uyachome. Kufukiza kivumbasi magharibi kuna maana yake, ila ndani ya chumba kilichofungwa moshi huo unamkaa mtoto kifuani. Fukizeni barazani.

Mafuta ya mchaichai yanadumu kwa muda gani?

Mfupi mno! Ukitoka jasho, hesabu saa moja hivi kisha upake tena. Matone 10 kwenye vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi yanatosha. Ukitaka kinachokaa zaidi, tafuta dukani dawa iliyoandikwa PMD, inayotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau. Hiyo asipakwe mtoto aliye chini ya miaka 3. Na kuchemsha majani ya mkaratusi wa uani hakukupi kitu hicho hicho, hata jirani aape.

Huku Pemba mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) tunayo. Nijipake yenyewe?

Hapana! Mafuta ya karafuu, ya makonyo au ya maua, yana eujenoli nyingi, yaani ile kemikali inayoipa karafuu ukali wake, na yakiwa makali hivyo huunguza ngozi. Tia matone 3 tu katika vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, jaribu sehemu ndogo ya mkono, usubiri hadi kesho. Mtoto mchanga msimpake kabisa. Chupa iwekwe juu, kwani akinywa hata kidogo ni hatari.

Kwa hiyo chandarua niache?

Usiache. Mbu wa malaria hung'ata zaidi usiku, nawe umelala, mafuta yamekwisha kuruka. Mimi mafuta nayapa kazi ya jioni, kabla ya kuingia chandaruani, na ya mchana pia, maana mbu wa dengi hung'ata mchana.

Majani ya mwarobaini yatalinda mahindi ghalani?

Makavu, yakisagwa na kuchanganywa na mahindi yaliyokauka vizuri, hupunguza fukusi. Dumuzi, mdudu mwingine atoboaye mahindi, ni mkaidi zaidi. Kwake nunua mifuko isiyopitisha hewa, uifunge barabara, wadudu wakose pumzi.