Kisu cha kukunja cha baharini na milimani: tazama loki kabla ya makali

Kijana mmoja wa Mwanza ameniandikia baada ya kuona picha ya kolekole niliyemvua Ushongo, pwani ya Pangani. Hakuuliza habari za chambo wala mshipi. Ameulizia kisu kilichokuwa ubaoni pembeni ya samaki. Ameniambia pia kwamba kuna muuza duka amemwekea kisu cha kukunja chenye mkasi, msumeno, kifungua chupa, uma na kijiko, na anataka kujua kama kitamfaa ziwani na kwenye safari zake za milimani. Mdogo wangu, ningeweza kukujibu kwa mistari miwili. Lakini umegusa jambo ambalo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, kwa hiyo nivumilie.

Kisu cha kwenye picha ni Opinel namba 8. Vinatoka Savoie, Ufaransa, na ukoo wa Opinel umekuwa ukivitengeneza tangu 1890. Mpini ni wa mti, bapa lina urefu wa sentimita 8.5, na shingoni kuna pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisirudi; hiyo ndiyo loki yake. Pete hiyo iliongezwa 1955. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, aliniletea kutoka Marseille na kunikabidhi mbele ya kaka zangu wote, nami ndiye niliyekuwa nikimfuata ufukweni kuvua tasi. Kwa hiyo usinitegemee nikizungumzie kisu hiki bila upendo.

Sasa nikueleze lililotokea Pangani. Kundi la wavuvi wa burudani kutoka Dar lilikodi chombo, nikaalikwa kwa sababu manahodha nawajua na maji nayajua. Nilikuwa mwanamke pekee chomboni. Asubuhi tunakata ngisi wa chambo, nikatoa kisu changu. Kaka mmoja akakichukua mkononi mwangu bila kuomba, akakigeuzageuza, akasema, "Dada, hiki si cha kumenyea machungwa?" Chombo kizima kikacheka. Hata nahodha, anayenijua tangu nikiwa msichana, alicheka. Kisha yule kaka akatoa cha kwake: bapa nene jeusi, mpini wa chuma wenye michoro, kinafunguka kwa kusukumwa na kidole gumba na kulia kwa kishindo. Kikapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akasifu. Kwangu hakikufika.

Sikujibu. Nilikata chambo changu nikatupa mshipi.

Mchana tulipumzika kwenye fungu la mchanga. (Si Maziwe. Maziwe ni hifadhi tangu 1975, hakuvuliwi, na wanaotega pale usiku wanajua ninavyowafikiria.) Kisu cha yule kaka kililala mchangani kikiwa wazi muda wote tulipokuwa tukila. Tulipoondoka akakifuta kwenye suruali, akakikunja, akakitia mfukoni. Alasiri akampandisha kolekole mkubwa, samaki anarukaruka, akataka kummaliza kwa kumchoma ncha kichwani. Ncha ikagonga mfupa, loki ikaachia, bapa likarudi juu ya kidole chake cha shahada. Damu ilikuwa nyingi kuliko ya samaki.

Nilimfunga mimi, kwa leso yangu. Samaki wote wa siku ile, changu, tasi na kolekole yule yule, niliwatumbua kwa kisu cha machungwa. Tulipofika nchi kavu akapelekwa kushonwa. Mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi kwa yale maneno ya asubuhi, na sioni haya kusema kwamba yaliniuma na bado yanauma. Wangemcheka mjomba wangu kwa kisu kile kile? Hawangethubutu.

Yule kaka hakukatwa na kisu kibovu. Makali yake yalikuwa mazuri kuliko ya kwangu, hilo nalisema kwa haki. Alikatwa na loki aliyoiamini bila kuitazama. Ndani ya mpini wa visu vya namna ile kuna ukanda mwembamba wa chuma. Ukifungua kisu, ukanda unajisukuma nyuma ya kitako cha bapa na kulizuia. Kikiwa kisafi kinashika vizuri. Punje chache za mchanga zikikaa pale, ukanda haufiki mahali pake: unasikia mlio, unadhani imefunga, kumbe imegusa tu. Loki zinazokaa mgongoni mwa mpini, kama ile ya kisu cha Kimarekani cha Buck 110 kilichotoka 1964, zina nguvu sana, ila nazo zina kijitundu cha kunasia, na kikijaa magamba na utumbo uliokauka loki haizami. Pete ya Opinel iko nje, unaiona kwa macho, unaizungusha kwa kidole hata mkono ukiwa na utelezi, na mchanga ukiingia unausikia unasaga kabla hujaanza kazi. Ndiyo maana naipenda. Si kwa sababu ni ya mjomba peke yake.

Na kuna visu visivyo na loki kabisa, vinashikwa na springi tu. Vingi vya Victorinox vya mfukoni viko hivyo. Naviheshimu: Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na tangu 1891 visu vyake vimekwenda jeshini. Kwa kukata uzi, kumenya embe na kufungua kopo, havina ubaya wowote. Lakini kumtumbua samaki ni kazi ya kuchoma na kusukuma, mkono umejaa ute, chombo kinayumba. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na ukimkwepa unajikuta umekishika kisu upande upande. Springi haikulindi hapo.

Kwa hiyo ukifika dukani, usianze kunyoa nywele za mkono ili kupima makali. Makali utayatengeneza mwenyewe nyumbani. Kifungue, kifunge loki, weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa polepole kwenye ukingo wa meza. Likilegea hata kidogo, mrudishie mwenyewe. Litikise kulia na kushoto. Chungulia ndani ya mpini: ukiona mwanga upande wa pili, maji yatapita na uchafu utatoka. Ukiona giza, fikiria magamba ya samaki yatakavyooza humo wiki nzima. Muuza duka akikukasirikia kwa kumchunguzia bidhaa, ondoka. Fedha ni yako na vidole ni vyako.

Kuhusu chuma, watu watakuchosha kwa majina. Kile wanachokiita kisichoshika kutu kina kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, nayo hujenga utando mwembamba sana juu yake. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo, ndiyo maana kutu ya baharini huanza kwa vidoa vidogo vyeusi vinavyochimba ndani. Bapa langu ni la chuma cha Sandvik cha Uswidi kiitwacho 12C27, chenye kromiamu asilimia 13.5 hivi na kaboni karibu 0.6. Nakinoa kwa jiwe la kawaida na kinashika. Opinel ya chuma cha kaboni hunoleka haraka zaidi, lakini usiipeleke baharini. Kata chambo asubuhi, jioni imeshabadilika rangi. Kuna pia Spyderco (visu vya kampuni ya Kimarekani) za jamii ya Salt, ambazo kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa chuma cha H1. Ndani yake naitrojeni imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni, na chumvi haiziwezi. Bei yake ni kubwa. Kama unavua maji chumvi kila wiki na uwezo unao, nunua. Kama huna, chupa ya maji baridi kwenye begi itakufanyia kazi karibu ile ile: osha, fungua na kukunja mara kadhaa ndani ya maji, kausha, tia tone la mafuta kwenye kiungo. Wewe wa Mwanza umebahatika. Ziwa halina chumvi, na sangara na sato hawataudhuru utando huo.

Mpini wa mti una tabia yake na siifichi. Unyevu wa Tanga ukiingia, mti unavimba na bapa linabana ndani. Watu wa Savoie hugonga kitako cha mpini mezani, bapa likachomoza kidogo na kushikika. Mimi nilifungua pete, nikauloweka mpini kwenye mafuta, ukatulia. Asiyetaka shida hiyo kuna namba 8 ya mpini wa plastiki, yenye filimbi mwishoni na nusu ya bapa ikiwa na meno ya kukatia kamba. Meno hayo yanakata kamba ya nailoni vizuri sana, ila kuyanoa ni adhabu, na kwenye minofu ya samaki yanararua. Ningekuchagulia makali yaliyonyooka.

Usizidi sentimita 9 za bapa, wala usipungue 7. Na usidanganywe kwamba kisu cha kukunja kitampasua sangara wa kilo 20. Samaki huyo anataka kisu kirefu kisichokunjwa, chenye ala, na hicho kibaki chomboni. Cha kukunja ni cha mfukoni, kipo pale ulipo hata begi likiwa mbali.

Milimani ndipo utakapokipenda zaidi. Njia ya kutoka Lushoto kwenda Mtae ina siku za ukungu ambazo kila kitu kinalowa, hata kuni zilizo uvunguni. Tulipolala Rangwi, mama aliyetupokea alikuwa anahangaika na moto. Nikachukua gogo lililopasuliwa, nikachonga kutoka ndani, kwenye mti mkavu, vipande vyembamba vilivyojikunja, moto ukashika. Bapa jembamba ndilo linalochonga hivyo. Lile nene jeusi la yule kaka lingepasua tu. Halafu mkate, parachichi, plasta ya malengelenge, kamba ya hema: kazi ndogo ndogo za siku nzima ambazo hakuna anayezipigia picha. Usikigonge kisu kwa gogo ili kupasua kuni. Kiungo cha kukunja ndicho sehemu dhaifu kuliko zote, na kikilegea hakirudi.

Nasisitiza tena loki, najua nimeshasema. Wengi wetu tunaotoka wikiendi tunataka tuonekane tumejipanga, tunanunua kitu cha kushangiliwa chomboni. Acheni. Na ninyi kaka zangu, mkimwona dada ametoa kisu chake, mwacheni akate chambo. Inawezekana anajua anachokifanya, na inawezekana jioni mtakihitaji kisu hicho.

Mnaosafiri, jambo moja: kisu hakiingii kwenye mzigo wa mkononi wa ndege, kiweke kwenye begi linalokabidhiwa na kupakiwa tumboni mwa ndege, la sivyo kitabaki uwanjani. Na walioko Uingereza, kisu chenye loki hamruhusiwi kutembea nacho hadharani bila sababu ya msingi, hata kikiwa kifupi. Kinachoruhusiwa ni kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Wekeni cha uvuvi kwenye sanduku la uvuvi.

Kwako wa Mwanza: kile chenye uma na kijiko mwachie mwenye duka. Kijiko utabeba cha nyumbani. Tafuta kisu cha bapa moja, chenye loki unayoweza kuiona na kuiosha, na fedha itakayobaki nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, ya chenga na laini. Shika bapa kwa nyuzi kama 20 kila upande, usiwe na haraka. Ukishakinunua, niandikie ulipokigonga mgongo kwenye meza kilifanyaje.