Bahari si pambo la intro: ushauri kwa vijana mnaotaka kufanya muziki na sauti za asili

Naanza na linalonikera, mana nikiliweka mwisho nitalisahau. Kijana anakuja na flashi yake, anakwambia bro safari hii nimefanya kitu cha asili, cha kwetu kabisa. Unafungua. Shwaaa, mawimbi, kijindege kinalia mara mbili, halafu pu! biti limeingia na bahari imekatwa hapo hapo, mpaka wimbo unakwisha huisikii tena. Ukimuuliza umerekodi wapi anakwambia nimedaunilodi. Sasa we mtu wa Nungwi, bahari ipo dirishani kwako usiku kucha, unakwenda kudaunilodi bahari ya watu?

Mie kazi yangu ni kurekodi na kupanga muziki, zenji fleva zaidi, yaani bongo fleva ya kwetu Zanzibar, taarabu nikiitwa, na hizi sauti za pwani na za msituni nimekuwa nazikusanya muda mrefu kiasi kwamba wenzangu walishanizoea, wakiona nimesimama peke yangu na hedifoni pembeni mwa mikoko hawaulizi. Ninachowaambia vijana ni kimoja tu, sauti ukiileta kwenye wimbo ipe kazi. Iwe ngoma, iwe besi, iwe ndo inayoamua mwendo wa wimbo, au ndo inayokupa noti ya kuanzia. Kama haina kazi itoe, wimbo hautakosa kitu.

Chukua mfano wa makumbi. Ukienda pwani ya mashariki, Jambiani huko, utawakuta kina mama wanaponda makumbi ya nazi kutoa usumba wa kusokotea kamba. Makumbi yanafukiwa pwani miezi yaoze, yakishalainika yanafukuliwa yanapigwa kwa gongo mpaka nyuzi ziachane. Harufu yake shukuru Mungu hairekodiki. Lakini sauti sasa! Gongo likishuka unapata dum fupi, nzito, haina mkia, na juu yake kuna kimchakacho kidogo cha nyuzi zinazopasuka, yaani kiki na sheka, ngoma nzito ya chini na kayamba, zimo ndani ya pigo moja, na hakuna programu itakayokupa hivyo. Wakikaa wawili wanapishana, mmoja anapiga mwengine ameinua, hapo biti ishakamilika, wewe kazi yako ni kutafuta BPM yao tu, mapigo mangapi kwa dakika, na kuwafata, usiwaburute wao waingie kwenye gridi ya programu yako.

Nilipomwendea mama mmoja pale nikamwamkia shikamoo, nikamweleza nnachotaka, akaniangalia kidogo akasema, "Marahaba mwanangu. Haya ya juu bado makavu, yatakulilia vibaya. Ngoja tufukue ya chini." Na kweli, ya chini yalikuwa yamelowa vizuri na sauti yake ilikuwa kubwa zaidi na ya chini zaidi. Ndo mana nasema anayejua sauti ya kitu ni anayekifanyia kazi. Muulize kabla hujatoa rekoda mfukoni. Na usiondoke hivi hivi, umemsimamisha mtu kazi yake, toa chochote, na kama sauti ya mtu mwenyewe imeingia anaongea au anaimba mwambie, akikataa ifute mbele yake.

Haya, tuje kwenye wakati, hapa ndo wengi wanakwama. Bahari yetu haikai pahala pamoja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, siku za maji mafu tofauti ni ndogo sana. Bamvua maji yanapwa mishale ya saa nne saa tano asubuhi, yanajaa jioni kuanzia saa kumi hivi. Kwahiyo ukifika Paje saa nne asubuhi na bamvua unataka mawimbi, hukuti mawimbi, unakuta wakulima wa mwani na bahari iko kule mbali kwenye mwamba inanguruma kama lori linapanda mlima. Na huo mngurumo nao ni mali, ni besi nzuri ya kulaza chini ya kinanda, lakini sio ulichofata. Ukitaka yale mawimbi madogo yanayolamba mchanga njoo maji yakiwa yanajaa. Muulize mvuvi yoyote, kalenda anayo kichwani.

Mawimbi nayo yahesabu kabla hujayatia kwenye wimbo. Hesabu yenyewe nyepesi, likija moja kila sekunde 8, kwenye BPM 120 hizo ni baa 4 kamili, baa moja mapigo manne, kwenye BPM 90 ni baa 3. Hizo tatu ndo nazipenda mimi, mana wimbo wenyewe unatembea kwa nne nne na bahari inaingia kwa tatu, zinapishana halafu zinakutana, msikilizaji hajui kwa nini lakini hachoki. Bahari haiji kwa saa kamili lakini, saa nyengine sekunde 7, saa nyengine 9, na hapo usianze kukatakata kila wimbi likae sawa. Liache lichelewe, mpiga ngoma mzuri pia huchelewa.

Upepo ndo adui. Kusi likishika, Juni Julai Agosti, pwani ya mashariki yote ni huuuu kwenye maiki, hamna cha kurekodi, hamia upande wa mjini na Bububu au ingia ndani kwenye miti. Kaskazi likianza mambo yanageuka, Nungwi ndo inapigwa. Mimi miezi yangu ni ya maleleji, baina ya pepo mbili, bahari inatulia unasikia mpaka kaa anavyokwaruza. Tatizo la maleleji ni masika yanaingia humo humo, basi rekodi na mvua. Mvua juu ya mabati kila mtu anayo, we tafuta mvua juu ya majani ya migomba, matone makubwa yanaanguka mbali mbali, ukiyapunguza spidi kidogo unapata tomu. Na mvua ikikatika usifungashe vitu, vyura ndo wanaanza, wale ukiwasikiliza vizuri wana hayihati zao, yale matasa madogo ya dramu.

Vifaa nitapita haraka kwa sababu watu wanavifanya kisingizio. Rekoda ya mkononi ukiwa nayo safi, kama huna, simu inatosha kuanzia, ila tafuta programu inayorekodi WAV, faili la sauti isiyobanwa, na uzime ile ya kupunguza kelele, mana simu inadhani bahari ni kelele inakufutia kila kitu inakuachia sauti ya mtu anayekohoa nyuma. Weka simu kwenye hali ya ndegeni isije ikaita. Maiki ivike sponji, ukikosa kata kipande cha kitambaa cha manyoya, na jikinge nyuma ya ngalawa. Ukifika nyumbani kata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 au 100, mengi ya huko ni upepo tu. Ila kama ulichofata ni ule mngurumo wa mwambani au dum ya makumbi, usikate, uzito wake umo humo humo, ndo mana hizo zinataka siku ya shwari. Audacity na BandLab zote bure. Na tafadhali usimtumie prodyuza wako sauti kwa voisi nouti ya WhatsApp, inabanwa mpaka inakuwa bati. Itume kama dokumenti.

Chini ya maji sasa. Hii wengi hawaijui na ndo niipendayo kuliko zote. Maiki ya kidude cha pizo, kile kinachotoka kwenye saa za mezani zilizokufa, ukikiunga waya na kukifunga ndani ya puto lisiingie maji, kitumbukize kwenye mkondo wa mikoko au penye nyasi za baharini. Utasikia tatata tatata kama mafuta ya kukaangia, haikatiki usiku na mchana. Ni kamba wadogo, wana gando moja kubwa kuliko jengine, wanalifunga kwa kasi mno mpaka linatoka povu, na povu likipasuka ndo mlio. Zamani watu walidhani ni gando linagongana, mwaka 2000 wanasayansi walipiga picha za kasi wakaona ni povu. Mimi hiyo tatata naitia mahala pa sheka kwenye nyimbo za polepole, nikaizungusha kushoto na kulia, watu wananiuliza ni plagini gani.

Ndege. Sikiliza dudumizi, wazee wanamwita ndege wa mvua, anaanza juu anashuka du du du du du kama maji yanamwagwa kwenye chupa. Huo mstari ni besi tayari. Lakini ukimweka kwenye kinanda utaona noti zake hazikai kwenye vitufe, ziko katikati, na hapo vijana wanafanya jambo la ajabu, wanampitisha ndege kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti! Yakhe, muache ndege. Badilisha wimbo. Na sisi huku tunayo bahati ambayo wenzetu wa biti tupu hawana, udi na fidla hazina vizuizi vya noti, kidole kinakaa popote, na kanuni ina vile vijiti vya kupandisha na kushusha sauti robo robo. Taarabu ya hapa inaishi kwenye makamu, zile ngazi za noti za Kiarabu, zenye noti za katikati tangu kabla sisi hatujazaliwa. Basi mtafute mpiga udi, pale DCMA, chuo cha muziki cha mjini kilichoanza 2002, wapo wanaosoma, mchezee ule mlio, mwambie nifatie huyu. Atakutafutia pahala pake mara moja, na kinachotoka hapo hakifanani na kitu cha mtu yoyote.

Usiku wa Jozani una vyake. Komba anayelia kama mtoto, na perere, kinyama cha mitini, yule anaanza kwa kukwaruza kama mlango mbovu halafu anapandisha anapandisha mpaka anapiga mayowe, ukiwa peke yako utakimbia. Ile kupanda kwake ndo ile mnayoita raiza kwenye biti za klabu. Msituni lakini hamna kujiendea tu, ni hifadhi ya taifa, pita getini ueleze unachofanya, wanaweza kukupa mtu wa kukuongoza na yeye anajua perere analala mti gani. Ndugu zangu wa Pemba nyie mna msitu wa Ngezi, na mna Kidike, wale popo wakubwa hawapo popote duniani ila kwenu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kumalizika kabisa kwa kuwindwa. Mchana wananing'inia wanagombana kama watu wa dala-dala. Rekodi kwa mbali, usipige makofi ili waruke upate "efekti", nimewahi kumuona mtu anafanya hivyo na nilimwambia wazi siichanganyi kazi yake. Kumchezea ndege sauti yake kwa spika ili ajibu, nayo acha, unampotezea muda wa kula na kulea.

Jengine la kwetu hasa. Ukirekodi alfajiri popote kisiwani adhana itaingia, hilo huliepuki. Ikate. Usiiache ikawa pambo juu ya biti la kuchezea, haifai, na utagombana na nyumba nzima kuanzia bibi yako. Halikadhalika pahala pa mizimu, wenyeji wakikwambia hapa hatupigi kelele, basi.

Kuhusu haki, sauti ya asili uliyorekodi mwenyewe ni yako, hamna atakayekuja kukudai, tofauti na ile ya kudaunilodi ambayo nyingi zina masharti, zengine huruhusiwi kuzifanyia biashara. Kuna na hili la taasisi inayoitwa Museum for the United Nations, UN Live, mwaka 2024 walianzisha mpango unaitwa Sounds Right, asili imewekwa kama msanii kwenye Spotify kwa jina la NATURE, ukimshirikisha kwenye wimbo sehemu ya mapato inakwenda kwenye hifadhi. Mie napenda wazo lile, ingawa najiuliza mama wa makumbi yeye yumo wapi kwenye hesabu hiyo.

Mwisho fikiria jukwaa kabla hujamaliza wimbo. Tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, lililoanza 2004, wanataka muziki wa laivu, hutapanda na flashi. Kwahiyo wimbo wako wa mawimbi utaupigaje? Njia moja ni padi ya kugonga kwa kijiti, kila pahala umetia sauti yake, makumbi hapa, perere pale, mpiga ngoma anazipiga mwenyewe. Njia ya pili ni kupanda na vitu vyenyewe, vifuu, gogo na gongo na makumbi mawili yaliyolowa, na miguuni misewe, njuga za majani, kama wachezaji wa ngoma ya msewe ya Pemba, maiki moja chini. Mimi nachagua ya pili kila nikipata nafasi, ila mwambie mtu wa sauti mapema, na chukua turubai la kutandika, mana makumbi yanarusha maji na waya za umeme ziko hapo hapo chini.