A-level ya hesabu Uingereza: moduli zilishaondoka

Mwalimu, umeuliza kama huyo kijana wako anayetaka A-level ya hesabu atafanya kwa moduli, yaani vipande vya somo vyenye mtihani wake kila kimoja. Hapana, England hawafanyi tena C1, C2 (hesabu za msingi), M1 (mekanika) na kurudia moduli mojamoja mpaka maksi zipande. Walioanza Septemba 2017 na kuendelea wanasoma miaka miwili, mitihani yote mwishoni, kama hawa wetu wa Form Six wanavyokaa pepa za Advanced Mathematics 1 na 2 kwa mpigo. Edexcel, moja ya bodi za mitihani za huko, kwa mfano ni pepa tatu za saa mbili mbili: mbili za aljebra, trigonometria, kalkulasi na ndugu zake, ya tatu takwimu na mekanika. Takwimu na mekanika zote mbili ni lazima. Zamani shule ilikuwa inachagua. AS (cheti cha nusu ya A-level) ipo, ila maksi zake haziingii kwenye A-level (Wales bado zinaingia).

Hivyo vitabu vya C1 hadi C4 vya maktaba yenu hapo Tabora msivitupe. Hesabu ni zilezile, na mimi hapa Kigoma wanafunzi wangu wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) nawapigisha maswali ya kuintegreti ya C4 kila wiki. Ila kama huyo kijana anasajiliwa A-level ya kimataifa ya Edexcel, hiyo bado ina moduli, zikiwemo P1 hadi P4.